Shada Humfuata Mfiwa

Ndugu Mwenyekiti wa mtaa, mabalozi wetu wa nyumba kumi, viongozi wa dini mliotuheshimu kwa kufika, mama zangu na baba zangu wa kamati za misiba, kaka na dada zangu: Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, Assalamu alaykum.

Nimeombwa nizungumze juu ya maua ya msibani: yapi yanafaa, yapelekwe kwa nani, na yawekwe namna gani. Nimefunga mashada hapa Arusha kwa miaka 23, na mengi niliyoyafunga nimeyasindikiza mwenyewe mpaka kaburini, kwa sababu shada likirushwarushwa kwenye gari bila mtu wa kulishika hufika limevunjika. Kwa hiyo yale nitakayoyasema nimeyaona nikiwa nimesimama pembeni ya udongo uliotoka kuchimbwa, nyuma ya wafiwa, mahali ambapo mfungaji wa maua husimama. Na neno langu kubwa ni hili: shada lichaguliwe kwa kumfuata mfiwa. Wazee walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na mimi ninaomba methali hiyo iongoze maua kama inavyoongoza kilio.

Naomba niwasimulie jambo moja lililonifundisha. Tulimzika kijana wa miaka 19 kijijini kwao, kwenye miteremko ya mlima. Mama yake alikuja na fungu la maua meupe aliyoyachuma mwenyewe karibu na mfereji, yale mayungiyungi yenye ua kama kikombe kilichokunjwa kutoka karatasi moja, akalifunga kwa kamba ya mgomba. Aliitwa wa kwanza, kama ilivyo desturi, akaliweka chini ya msalaba. Kisha mshereheshaji akaendelea kusoma orodha yake: baba, ndugu, shule, majirani, na mwishoni ofisi ambayo baba wa marehemu aliifanyia kazi. Shada la ofisi hiyo lilikuwa na upana wa gurudumu la trekta, limebebwa na watu wawili, na lilipowekwa katikati lilifunika kila kitu kilichokuwa chini ya msalaba. Yule mama hakusema neno. Aliinama, akaingiza mkono chini ya fremu ya waya, akawa anapapasa kuyatafuta maua yake. Mkono ulitoka una mchanga na bua moja lililokatika.

Shada lile kubwa nililifunga mimi. Mteja alitaja ukubwa, nikaupokea. Hakuna aliyeuliza kaburi lina ukubwa gani wala nani mwingine analeta nini, na mimi niliyepaswa kuuliza sikuuliza. Nilisogea mbele, nikalivuta lile shada upande wa miguuni, nikayaokota maua ya mama na kuyarudisha mahali pake. Tangu siku ile sipokei oda ya msiba bila kuuliza habari za wafiwa kwanza, na mteja akisema hajui, namwomba apige simu akiwa bado amesimama hapo dukani.

Taifa letu lenyewe limekwisha kutuonyesha jambo hili. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi wa nchi za nje huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mzee aliyepigana vita huweka shoka. Kila mmoja ana chake na ana mahali pake, na hakuna kitu kinachofunika kingine. Ninawasihi wanakamati, mnapopanga ratiba ya mazishi, mpange pia nafasi ya mashada: sehemu iliyo karibu na msalaba iachwe kwa mjane au mgane, watoto na wazazi, hata kama walicholeta ni ua moja, na sisi wengine wote, tukiwemo wakubwa wa kazini na viongozi, tuweke kuanzia katikati kwenda miguuni. Mshereheshaji aambiwe hivyo mapema, kwa sababu saa ile ya kaburini hana nafasi ya kufikiri.

Sasa nije kwenye dini, maana mtaa wetu una misikiti na makanisa, na koo nyingi humu zina Wakristo na Waislamu waliokaa meza moja. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la watu wema kabisa: jirani Mkristo amefiwa na rafiki yake Mwislamu, anakimbilia dukani, anataka shada kubwa jeupe lenye utepe. Namshukuru kwa moyo wake, kisha namweleza kwamba msiba wa Kiislamu una harufu zake tayari. Yapo majani ya mkunazi katika maji ya kuoshea, ipo karafuu maiti, upo udi unaofukiziwa sanda. Maziko hufanywa haraka, mara nyingi siku ile ile, na kaburi hutakiwa kubaki sahili. Wapo Waislamu wanaochomeka tawi bichi juu ya kaburi, wakifuata hadithi ya Mtume aliyepasua kuti bichi vipande viwili na kukiweka kimoja juu ya kila kaburi kati ya makaburi mawili. Na wapo wanaoona jambo lile lilikuwa la Mtume peke yake. Hilo ni la wenyewe na masheikh wao, wala si la muuza maua kuamua. Jirani wa dini nyingine apeleke ubani katika bahasha, apeleke mchele na sukari, apeleke turubai na viti, akakae pale barazani na wafiwa. Hicho ndicho kinachopokelewa kwa mikono miwili.

Na niongeze jambo dogo ambalo hata baadhi ya vijana wa Kiislamu hulisahau. Mjane aliye katika eda, ambayo ni miezi minne na siku kumi, hajipambi wala hajitii manukato. Asumini, kilua, mrehani, vikuba, vyote hivyo vizuri vya pwani ni mapambo ya mwili na ya furaha, ni vitu vya bibi harusi na vya mwanamke anayemsubiri mumewe nyumbani. Kumpelekea mjane wa eda kikapu cha asumini, hata kwa mapenzi makubwa, ni kumkumbusha kile alichoondolewa. Kijana mmoja alitaka kumfanyia shangazi yake hivyo, tukakaa tukazungumza, akaenda badala yake na kilo kadhaa za mchele na mkebe wa tende, na baadaye alirudi kuniambia kwamba shangazi alimshika mkono kwa muda mrefu.

Kwa upande wa makanisa, mashada yamekuwa sehemu ya mazishi yetu kiasi kwamba tunadhani yalikuwepo tangu mwanzo, lakini mabibi na mababu zetu walikuwa na majani yao kabla ya waya na utepe. Huku kwetu kaskazini tuna sale, mmea ambao Wachaga huutumia kuweka mipaka ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kuombea msamaha na kutunza makaburi ya wazee. Anayekuja na jani la sale anasema kitu ambacho waridi haliwezi kukisema. Nimeanza, pale familia inapokubali, kuzungushia mashada yangu majani ya sale badala ya majani ya kununua, na wazee wakiyaona huwa wananyamaza na kutikisa kichwa polepole. Lakini naomba msifanye hivyo bila kuuliza, kwa kuwa jani la msamaha likiwekwa mahali ambapo ugomvi wa ndugu haujaisha linaweza kusomwa kwa namna nyingine kabisa, na wapo Wakristo pia ambao hawataki kuliona karibu na msalaba.

Kwa ndugu Wakatoliki, mkumbuke majira ya Kanisa. Katika Kwaresima madhabahu haipambwi maua, isipokuwa Dominika ya nne na sikukuu chache, kwa hiyo mazishi yakiangukia kipindi hicho mzungumze na padre au katekista kabla ya kuingia kanisani na mashada, ili yabaki nje mpaka safari ya makaburini. Siku zote nyingine, maua yasizibe mshumaa wa Pasaka unaowashwa karibu na jeneza. Mimi hupima kwa macho: nikisimama mlangoni mwa kanisa nikashindwa kuuona ule mshumaa, shada langu ni refu mno.

Niseme kidogo juu ya maua yenyewe, maana hapa ndipo fedha za watu hupotea. Sisi wa Arusha tumezungukwa na mashamba ya maua, Usa River na kwingineko, kama wenzetu wa Kenya walivyo na Naivasha, na waridi zuri zaidi hupanda ndege kwenda Uholanzi. Ifikapo wiki ya pili ya Februari, kwa sababu ya tarehe 14, waridi huadimika na bei yake hupanda, na nimeona familia ikikopa ili kupata waridi jeupe katika siku hizo. Hakuna haja ya kukopa. Krisanthemumu nyeupe au ya njano hukaa wiki mbili ikiwa katika maji safi, huvumilia jua la saa nane kaburini, na ina heshima yake kamili. Kaneshoni nayo ni ngumu na haina makeke. Waridi lililokwisha kufunguka likiwekwa juani bila maji huinamisha kichwa kabla mchungaji hajamaliza mahubiri.

Lili ni ua zuri, lakini lina harufu kali, na katika chumba kidogo kilichojaa waombolezaji, madirisha yamefungwa, harufu hiyo huwaumiza kichwa wajawazito na wazee. Tena lina chavua ya rangi ya kutu inayong'ang'ania kitambaa. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii niliweka lili juu ya kitambaa cheupe kilichofunika jeneza la bibi mmoja, kitambaa alichokishona yeye mwenyewe kwa mkono kwa ajili ya siku hiyo. Tuliponyanyua jeneza, maua yakatikisika, na doa la njano likaenea juu ya darizi zake. Binti yake alichukua leso, akailowesha maji, akasugua, na doa likazidi kuzama. Nilitamani ardhi inifunike. Tangu hapo kila lili linalotoka dukani kwangu nimelikata vichwa vyote vya chavua kwa mkasi mdogo, kimoja kimoja, na ninamfundisha kila mteja kwamba chavua ikianguka kwenye nguo isiguswe kwa maji wala kwa kidole, bali ibandikwe gundi ya utepe wa karatasi na kuvutwa juu.

Rangi haina sheria moja kwetu. Nyeupe haikosei popote nilipokwenda, na zambarau inaeleweka kwa Wakristo kwa sababu ya Kwaresima. Waridi jekundu liachiwe mume na mke. Mfanyakazi mwenzake asiweke mawaridi mekundu juu ya kaburi la mke wa mtu, hata kama duka lilikuwa na mekundu tu. Kwa mtoto mdogo, shada liwe dogo kulingana na kaburi lake, kwa sababu shada la mtu mzima juu ya kaburi la mtoto linaonekana kama mzigo. Lakini mzee aliyeona vitukuu vyake, ambaye ukoo unamsindikiza kwa kuimba, anaweza kupewa njano, machungwa, hata rangi za bustani zote kwa pamoja, na hakuna atakayeona vibaya.

Wengi wetu tunazika mbali na tunapoishi. Mwili unatoka Dar es Salaam jioni, unasafiri usiku kucha zaidi ya kilomita 500, na asubuhi uko Moshi au Rombo. Nimeona mashada yaliyonunuliwa Dar yakishushwa kwenye basi yamekuwa kahawia, huku umbali wa dakika chache kuna mama anauza maua mabichi ya bustanini kwake. Mwachieni ndugu aliyeko kijijini jukumu hilo, mtumieni fedha kwa simu, na mwambieni ayakate alfajiri jua halijatoka, akate mabua kwa mshazari, aondoe majani yote yatakayozama, ayaweke kwenye ndoo kivulini mpaka saa ya kwenda. Kaburi lililoko kihambani, chini ya migomba, halihitaji fremu ya chuma. Fungu lililofungwa vizuri linatosha, na likioza linarudi kwenye udongo ule ule.

Hapo nagusa suala la plastiki, na najua si wote mtakaokubaliana nami. Shada la plastiki lina bei nafuu, halinyauki, na ndugu anayeishi mbali hufarijika akidhani kaburi litabaki limepambwa. Silaumu moyo huo. Lakini jua letu huifanya plastiki kuwa nyeupe na yenye ufa kabla mwaka haujaisha, upepo huibeba hadi mfereji wa maji, na atakayekuja kutembelea kaburi baada ya mwaka atakuta takataka. Ile sponji ya kijani tunayochomekea mabua nayo ni aina ya plastiki. Inavunjika kuwa unga lakini haiozi. Mimi nimeiacha kwa mashada ya kihambani, natumia majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa kuwa duara, ambayo hushika bua vizuri yakiloweshwa. Kamati ikipenda, nitawafundisha vijana wake bila malipo.

Kuhusu utepe, jina la marehemu liandikwe kama alivyoitwa na watu wake, na lisomwe kwa sauti na mtu wa familia kabla ya kubandikwa. Herufi moja iliyokosewa katika jina la mtu aliyefariki haifutiki katika picha za mazishi. Jina la mtoaji liwe dogo kuliko jina la marehemu. Nimekataa, na nitaendelea kukataa, kuweka nembo ya biashara katikati ya shada.

Familia ikitangaza kwamba haihitaji maua, na badala yake inaomba mchango uende kwa matibabu yaliyobaki kulipwa, kwa ada ya watoto au kwa ujenzi wa kanisa, basi tafadhali tusipeleke hata dogo. Wapo wanaosema, mimi nitaleta kidogo tu, haitakuwa neno. Ni neno, kwa sababu wale waliotii watajiona wamekuja mikono mitupu. Anayetaka kuweka ua asubiri, makaburi hayahami. Tarehe 2 Novemba, siku ambayo Wakatoliki huwaombea marehemu wote, au siku ya arobaini, au siku ambayo marehemu angetimiza umri fulani, mfiwa amebaki peke yake na wageni wameondoka. Ua linalofika siku hiyo hukumbukwa kuliko kumi yaliyofika siku ya mazishi.

Kwa wenye watoto na ndugu ughaibuni, waambieni waulize huko walipo. Ufaransa hupeleka krisanthemumu makaburini tarehe 1 Novemba, ndiyo maana mtu halipeleki ua hilo kwa mwenyeji wake wa chakula cha jioni. Urusi, maua ya msiba huhesabiwa kwa namba shufwa, mawili, manne, sita, na ya walio hai huwa witiri. Wayahudi wengi huweka jiwe dogo juu ya kaburi mahali pa ua. Kanuni ya kuuliza kwanza inafanya kazi kokote.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umeisha. Mezani pale nimeleta ndoo mbili za krisanthemumu nyeupe, mkasi, kamba za mgomba na majani makavu niliyoyasokota jana. Kesho saa nane tunamzika mzee wetu wa mtaa wa juu, na jana jioni nilikwenda kwa binti yake kumpa pole na kumuuliza. Amesema baba yake hakupenda harufu kali, rangi iwe nyeupe, utepe usiwepo, na nafasi ya karibu na msalaba iachwe kwa mama, ambaye atakuja na maua yake mwenyewe. Anayeweza kubaki, anawe mikono tuanze. Mtu wa kwanza achukue ndoo ya kushoto na kuondoa majani ya chini.